Ibada si Tamasha: Tuimbe Sote

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi maradhi yangu yalifichuliwa kwenye kilio hasa, na ndiyo sababu ya kuishika kalamu hii.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mwanakwaya. Huimba besi, safu ya nyuma. Kwa hivyo nikisema kwamba kwaya na vikundi vyetu vya kusifu vimewanyang'anya waumini nyimbo zao, msije mkadhani ni kijicho. Ninajishtaki mwenyewe kabla ya kumshtaki mtu mwingine.

Likizo ya Agosti tulimzika nyanya yangu. Usiku wa matanga, vipaza sauti hakuna, kinanda hakuna, wazee na akina mama waliketi kuuzunguka moto wakaanza kuimba tenzi. Ubeti wa kwanza niliuimba kwa kishindo. Mwanakwaya, bwana! Kiitikio nikakipamba kwa besi mpaka watu wakageuka. Kuingia ubeti wa pili, kimya. Sikuwa na neno hata moja. Wa tatu vilevile. Kando yangu aliketi ajuza mmoja, rafiki wa marehemu, ambaye hajui kusoma wala kuandika. Aliimba beti zote bila kukwama, huku machozi yakimtiririka. Mwishowe akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, si nasikia huko shuleni wewe ni mwimbaji?"

Jamani, niliona haya! Nilitaka kumwimbia nyanya na sikuweza.

Tangu usiku huo nimekuwa nikijiuliza: ajuza yule alizipata wapi beti zile? Hakuzipata kitabuni. Alizipata kwa kuimba pamoja na watu, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka zikamwingia damuni. Nami je, nimepata nini? Nimepata nyimbo mbili tatu za mashindano, ambazo mwaka ukiisha huzikwa pamoja na sare.

Hebu tuitazame ibada yetu ya Jumapili hapa shuleni. Kikundi cha kusifu hupanda jukwaani na maikrofoni nne. Kinanda hulia, spika hutetemesha madirisha. Wimbo huanzwa juu sana hivi kwamba wavulana waliovunja sauti juzi hawawezi kuufikia. Halafu kwaya huingia na wimbo wake, ambao sisi wengine hatujawahi kuusikia. Tunapiga makofi, tunaketi. Ikiwa katika nyimbo sita mwanafunzi wa kawaida ameimba mmoja, ashukuru. Yaani watu mia kadhaa wamekuja kuabudu, lakini wanaoimba ni ishirini. Je, hiyo ni ibada au ni tamasha?

Wako watakaonijibu kwamba hata Biblia ina kwaya. Ni kweli kabisa. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinataja waimbaji 288 waliofundishwa kazi hiyo. Lakini kitabu hicho hicho chatuambia kwamba baada ya wimbo wa shukrani mbele ya sanduku la agano, watu wote waliitikia amina na kumsifu Mungu. Tazama pia Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mstari hurudia kiitikio kile kile. Nani angetunga hivyo kama hakutaka umati uitikie? Na usiku wa mwisho kabla ya kukamatwa, Yesu na wanafunzi wake waliimba, kisha wakaelekea Mlima wa Mizeituni. Wale hawakuwa wanakwaya. Wengine wao walikuwa wavuvi wa samaki.

Historia nayo ina mengi ya kutufunza. Mwaka wa 386 kule Milano, Askofu Ambrosi na waumini wake walilikalia kanisa usiku na mchana ili lisitwaliwe na watawala. Augustino, aliyekuwa akiishi mjini humo, aliandika kwamba hapo ndipo watu walipofundishwa kuimba zaburi na tenzi pamoja, wasije wakazimia kwa huzuni. Mwajua, mtu mwenye hofu akimsikia jirani yake akiimba, hofu humpungua. Sauti ya mtaalamu inaweza kumpendeza, ila sauti ya jirani humwambia, "Hauko peke yako."

Mwaka wa 1524 huko Ujerumani, wafuasi wa Martin Luther walitoa kitabu kidogo chenye nyimbo 8 tu. Hizo 8 zilitosha kuanzisha jambo kubwa, maana ziliwapa watu wa kawaida nyimbo za ibada katika lugha yao wenyewe. Naye John Wesley, mwaka wa 1761, aliwaelekeza watu wake kwamba wote waimbe, hata yule anayeona kuimba ni mzigo, na kwamba mtu asipaaze sauti kuwafunika wenzake. Sijui angesema nini kuhusu spika zetu! Kanisa Katoliki nalo, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilitoa hati ya liturujia mwaka wa 1963 ikihimiza waumini washiriki kikamilifu, kwa nyimbo na kwa maitikio. Basi hili si jambo la dhehebu moja.

Mwingine atasema, "Lakini wengi huimba vibaya. Mungu apewe kilicho bora." Hoja hii ina uzito, siidharau. Hata hivyo naiuliza: bora kwa masikio ya nani? Mama akirudi nyumbani, watoto humkimbilia wakimwita kwa sauti za kila namna. Sijaona mama aliyewanyamazisha wote ili asikilize mmoja aliye na sauti tamu.

Isitoshe, sisi wa Chama cha Kiswahili tuna la kujifunza hapa. Tumetoka pembe zote za nchi, na lugha za nyumbani ni nyingi. Tenzi za Kiswahili ndizo tunazoweza kuziimba sote bila mmoja kuachwa nje. Na msamiati uliomo! Maneno kama mwamba, ngao, enzi na fadhili wengi wetu tuliyasikia kanisani kabla ya kuyaona katika kitabu cha fasihi. Anayenyamaza ibadani hupoteza hata lugha.

Sisemi kwaya zivunjwe, la hasha! Mimi nitakula wapi? Ninapendekeza mambo manne tu. Kwanza, kila ibada iwe na tenzi tatu zinazojulikana na wote, ziimbwe beti zote, si ubeti wa kwanza na wa mwisho. Pili, wimbo uanzwe kwa sauti ya wastani, na vipaza sauti vipunguzwe mpaka kila mtu amsikie jirani yake. Tatu, wimbo mpya ufunzwe kwa dakika kumi kabla ya ibada kuanza. Nne, wanakwaya tuketi tumetawanyika katikati ya wenzetu, tuwashikilie wanaoyumba. Chumvi ikibaki mkebeni, mboga haikolei.

Nimeanza na nafsi yangu. Muhula huu nimekariri tenzi tano, beti zote. Si nyingi, lakini haba na haba hujaza kibaba. Najua iko siku nitaitwa tena kuketi kando ya moto kama ule, maana kilio hakina mwenyewe. Siku hiyo sitaki kumtazama ajuza akiimba peke yake.

Je, wewe mwenzangu, ubeti wa pili unaujua?

Mwanakwaya,
Kidato cha Nne