Chipsi za Jioni

Mama arejeaye kazini wakati wa Magharibi halaumiwi akinunua chipsi. Uchovu wake ni wa kweli. Lakini chipsi na soda kila jioni humzoesha mtoto chumvi na sukari, hata akaukataa mchicha wa nazi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko cha chai. Tambi za pakiti huimaliza upesi.

Anza na choroko. Hazihitaji kulowekwa, zikibandikwa baada ya swala ya Magharibi, aghalabu huiva kabla ya Isha. Na baba asingoje sinia ukumbini: Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake. Akune nazi, watoto wachambue mchicha.