Mvutaji Naye Ni Mgonjwa

Mzee amelazwa kwa kifua. Asubuhi, baridi ya Nyeri ikiwa haijapungua, anavaa koti juu ya nguo za hospitali, kanula ingali imebandikwa mkononi, anateremka hadi kibandani nje ya lango kununua sigara moja. Anauziwa, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja. Akirudi wodini, muuguzi anamkemea. Basi, ametibiwa uraibu.

Hayo si matibabu! Siku ya kwanza iliandikwa kwenye faili lake kwamba anavuta, pakiti ngapi, tangu lini. Daktari aliandika, muuguzi akasoma, mfamasia hakuulizwa, na siku ya kuruhusiwa mzee akapewa dawa za kifua na tarehe ya kliniki. Kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenzake. Siku mbili tatu za kwanza bila nikotini ndizo ngumu kupita zote, na siku hizo tulikuwa naye wodini, amejaa hofu, tayari kusikia lolote.

Wala tusiambiwe haiwezekani. Mgonjwa wa TB akipatikana, jina lake linaingia kwenye rejista, dawa zake za miezi 6 zinafuatiliwa, akikosa kliniki anapigiwa simu, asipopokea anatafutwa hadi kijijini. Hakuna anayemwambia aache kukohoa kisha akampa kisogo. Wahudumu ni hao hao! Kule Ottawa, Kanada, hospitali ya moyo inamshughulikia mvutaji hivyo hivyo: kila anayelazwa anaulizwa, anapewa dawa ya kupunguza hamu ya nikotini akiwa wodini, kisha anafuatwa kwa simu akiwa nyumbani. Tafiti zimeonyesha kwamba msaada unaoanza wodini na kuendelea angalau mwezi mmoja baada ya mgonjwa kutoka ndio unaowafanya wengi waache. Ule unaoishia langoni haujaonyesha faida.

Pesa? Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014 zinazidai kampuni za tumbaku asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka. Kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Fedha hizo zinunue plasta na chingamu za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, zikae kwenye famasia ya hospitali pamoja na dawa za presha.

Wa kufuatilia tunao: wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023. Wana simu, na nyumba wanazijua. Mzee akirudi kwake Mukurwe-ini, taarifa zake zimtangulie.

Naidai serikali ya Kaunti ya Nyeri, na Kirinyaga, Embu na Meru nazo: kila wodi iwe na mtu mmoja anayewajibika kwa jina kwa kila mvutaji aliyelazwa, tangu anapopokewa hadi mwezi baada ya kutoka. Na kifungu chake cha fedha kionekane kwenye bajeti ijayo.