Tusiuze Theluji Inayoyeyuka

Kilimanjaro yenye kilemba cheupe inazidi kupamba kalenda na vitabu vyetu, ilhali kilemba chenyewe kimebaki utepe. Kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ule ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Barafu ya Rwenzori, iliyo karibu zaidi nasi, nayo imebaki vipande. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu iliyomo katika maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika huenda ikatoweka ifikapo 2050.

Wafanyabiashara wa utalii wamejibuje? Njooni mwone kabla haijaisha! Huko ni kugawana mirathi ya mgonjwa angali hai. Tena mirathi hiyo haitadumu: siku kilele kitakapobaki mwamba mtupu, aliyeahidiwa theluji atadai nini, na mpagazi atakula nini?

Kule Alps, theluji ikikosekana, waendeshaji wa viwanja vya kuteleza huwasha mitambo na kuitengeneza kwa maji na umeme. Kibo haina mitambo hiyo, na heri isiwe nayo. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa inafikiria kujenga magari ya kuning'inia kwenye waya mlimani humo. Wapagazi walipinga, nami naona walikuwa na haki. Gari hilo lingemfikisha mgeni haraka juu ya kitu kinachotoweka, likimrusha juu ya vyote vinavyobaki: migomba ya Wachagga na mifereji yao ya kale iitwayo mifongo, msitu wenye ukungu, lobelia ndefu kuliko mtu, kisha jangwa la mawe. Yote hayo katika mwendo wa siku chache! Ni mlima gani wa Ulaya ulio na hayo?

Mtasema mgeni hatalipa kuona migomba. Nawajibu: jirani yetu Rwanda humtoza mgeni dola 1,500 kukaa saa moja mbele ya gorila wa Virunga, wala mgeni huyo hafuati theluji. Analipia msitu uliotunzwa na mwongozaji anayeujua.

Basi fedha za kuandaa Kilimanjaro isiyo na barafu zianzie hapo: kwa mwongozaji na mpagazi, wafunzwe kuusimulia mlima mzima, nao walipwe ujira wa kazi hiyo.