Mwenzetu wa Makadara



Ijumaa iliyopita, baada ya sala, tulimzika katika makaburi ya Kariokor, Nairobi, mwenzetu tuliyesoma naye chuoni. Allah amrehemu. Alizaliwa na kukulia Makadara, na kila asubuhi alitembea kwa miguu kando ya Barabara ya Jogoo hadi mjini ili nauli ibaki nyumbani. Hesabu za biashara zilizotutoa jasho, yeye alituelekeza huku akicheka.

Katika mwaka wa pili aligongwa na pikipiki kwenye barabara iyo hiyo. Mifupa iliunga. Akarudi nyumbani akitembea na kusalimu watu, nasi tukamshukuru Mungu kuwa amepona. Lakini sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo huanzisha kazi, hupanga hatua na kuzuia hasira, ndiyo iliyoumia. Yule bingwa wa hesabu akashindwa kumaliza kupika chai: maji yalichemka hadi yakakauka, naye amesimama na majani mkononi. Kelele za sahani zilimghadhibisha. Baadhi ya majirani walisema ni uvivu, wengine, jini. Kovu lenyewe lilikuwa dogo, lafichwa na kofia.

Mwaka 1848, huko Marekani, mfanyakazi wa reli aitwaye Phineas Gage alipenywa kichwani na upau wa chuma, akaishi. Rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Nasi tulisema vivyo hivyo, tena kwa sauti ya huruma, kisha tukapunguza kwenda. Udhuru wetu ulikuwa kwamba hata tukienda, hatakumbuka.

Mama yake alitujibu siku moja, akitumiminia kahawa: “Wanangu, ni kweli husahau kuwa mmekuja. Lakini mkishaondoka hushinda amekunjua uso, nami siku hiyo hupumzika.” Tuliitikia kwa adabu. Hatukurudi.

Baada ya mazishi, mama alituonyesha daftari ambalo marehemu aliandika majina ya wageni wake wasimpotee. Katika miaka 11, majina yetu yamo mara tatu. Kurasa za mwisho ameandika tarehe ya kila Ijumaa, kwa mwandiko uleule mzuri wa chuoni, na chini ya kila tarehe ameacha nafasi.