Wavueni Suti, Wavisheni Jezi

Najua mtaniuliza: wewe kijana wa Mombasa, hoki ya barafu yakuhusu nini? Barafu si unaijua ya kwenye glasi ya juisi tu? Haya, chekeni mmalize. Nairobi kuna vijana wenzetu wa timu ya Ice Lions, na Kenya ilipokelewa katika shirikisho la mchezo huo duniani mwaka 2024. Mimi naifuata ligi ya NHL ya Marekani na Kanada. Mechi zao nyingi huanza kwetu usiku wa manane, saa tisa hivi, na nina ugomvi nao. Ugomvi ni juu ya wale watu wawili watatu wanaoketi jukwaani na suti na tai, ilhali ni wachezaji wazima, wenye mikataba, wasio na jeraha hata la kucha.

Sheria yenyewe ni hii. Timu inaruhusiwa kusajili wachezaji 23, lakini siku ya mechi wanaovaa jezi ni 20 tu: makipa wawili na wengine 18. Kwa desturi hao 18 hugawanywa washambuliaji 12, wakiingia watatu watatu, na mabeki sita, wakiingia wawili wawili. Orodha ikishafungwa, imefungwa. Mtu akivunjika mguu dakika ya tatu, yule wa suti hana ruhusa ya kushuka ngazi akavae. Wenzake watamaliza pungufu.

Hebu fanyeni hesabu nami, si ngumu. Ukimtoa kipa, barafuni wanakuwa watano. Watano mara dakika 60 ni dakika 300. Gawanya kwa 18, kila mtu ana dakika 16 na sekunde 40. Wakiumia wawili, waliobaki wanabeba karibu dakika 19 kila mmoja. Mtasema, dakika 19 kitu gani, sisi twacheza 90! Bwana, huu si mpira wa miguu ambapo mtu hupata nafasi ya kutembea akiangalia mawingu. Hapa mtu huingia akateleza kwa nguvu zake zote kwa sekunde 45 hivi, akatoka akihema kama mbwa, akakaa, kisha akarudi tena. Aliyechoka huchelewa, na ukichelewa katika mchezo huu unabanwa ukutani na jitu la kilo 100.

Tarehe 11 Agosti 2020 Columbus walicheza na Tampa Bay katika mtoano. Mechi ikaenda vipindi vitano vya nyongeza, ikaisha baada ya dakika 150 na ushee. Beki wa Columbus, Seth Jones, alikuwa barafuni dakika 65 na sekunde 6. Zaidi ya mechi nzima, mtu mmoja! Wakafungwa 3-2. Na wote tunamsifu, ati shujaa. Shujaa sawa, lakini mimi naona ligi iliyoacha beki wa ziada akipiga miayo.

Na kama mnadhani ligi haijui kulegeza kamba, msikilizeni huyu. Tarehe 22 Februari 2020, mjini Toronto, Carolina waliumia makipa wote wawili katika mechi moja. Akaitwa David Ayres, umri wake miaka 42, mtu aliyewahi kuendesha mashine ya kusawazisha barafu. Akavaa, akafungwa mawili ya kwanza, kisha akaokoa manane, Carolina wakashinda 6-3. Dunia nzima ilifurahi, hata mimi. Lakini tazameni jambo lenyewe: ligi ilikuwa na sheria ya kumwingiza raia kutoka jukwaani akadake, ila haikuwa na sheria ya kumwingiza mshambuliaji wa kulipwa aliyekaa jukwaa hilohilo. Kuna mantiki gani hapo?

Wapo wanaonipinga, tena wana akili. Wanasema uchovu ndio chumvi ya mchezo, ndio huleta makosa, na makosa huleta mabao. Mkiwapumzisha zaidi watakuja na kasi kubwa zaidi na kugongana vibaya. Hoja hiyo siitupi. Lakini rudini kwenye hesabu: wakivaa 20 badala ya 18, wastani unashuka hadi dakika 15. Dakika moja na sekunde 40 tu, hakuna atakayegeuka risasi. Na isitoshe, Olimpiki wanavaa 20 na makipa wawili juu yake. Sochi mwaka 2014, nyota hawahawa wa NHL walicheza hivyo, Kanada wakachukua dhahabu kwa kuwafunga Sweden 3-0. Sikusikia mchezo umeharibika.

Wengine wanalia mila. Mila gani? Mwaka 1971 iliwekwa 17 na makipa wawili, mwaka 1982 wakaongeza mmoja. Hiyo 18 haikushuka na Musa mlimani.

Gharama? Yule wa suti analipwa tayari! Mshahara wake huhesabiwa kwa siku za msimu, avae asivae, na kima cha chini msimu wa 2025-26 kilikuwa dola 775,000. Kwa hiyo simlilii mfuko. Namlilia kazi yake. Mkataba unaofuata utauliza alifanya nini barafuni, na jibu lake ni kwamba alikaa. Nyinyi mnaoandika mwamjua mtu huyu: ni mswada uliolipiwa stempu, ukapokelewa, ukawekwa droo ya mhariri, wala haukukataliwa.

Ninachotaka ni kidogo: mshambuliaji mmoja, beki mmoja, wavae. Wakubwa wa ligi wakiwa wagumu sana, waseme hao wawili wasiingie mpaka mwenzao aumie. Nitaipokea, lakini kwa kununa, kwa sababu makocha nawajua: ikifika dakika ya 50, kila mwenye pumzi fupi atakuwa ameshika goti.