Neno la Nyumbani: Aliyeshuka Pamoja na Wenzake



Vijana wetu wapendao mpira hupenda kuhesabu magoli. Basi mwezi huu nawapa habari za Mwingereza mmoja aliyefunga mengi, William Ralph Dean, ambaye watu walimwita Dixie. Lakini nawasihi mtazame hasa neno alilolitenda siku timu yake ilipoanguka.

Dean alizaliwa mwaka 1907 katika mji wa Birkenhead, ng'ambo ya mto mkabala wa Liverpool. Alianza kuchezea Tranmere Rovers, na mwaka 1925 akachukuliwa na Everton kwa pauni 3,000. Mwaka uliofuata alipatwa na ajali ya pikipiki, akavunjika fuvu na taya, hata madaktari wakadhani hatacheza tena. Lakini akapona, na kichwa kile kile kilichovunjika kikawa ndicho chenye sifa kuu ya kufunga magoli.

Mwaka 1927 George Camsell wa Middlesbrough alikuwa amefunga magoli 59 katika daraja la pili, watu wakastaajabu. Hata haujapita mwaka mmoja, Dean akafunga 60 katika daraja la kwanza, kwa michezo 39. Siku ya mwisho, tarehe 5 Mei 1928, alihitaji magoli matatu mbele ya Arsenal. La tatu akalipiga kwa kichwa mchezo ukikaribia kwisha. Everton wakawa mabingwa, na hesabu ile haijapitwa hata leo katika daraja la juu la Uingereza.

Je, sifa ile iliwalinda? Haikuwalinda. Mwaka 1930 Everton walikuwa wa mwisho kabisa, wakashushwa daraja, jambo lisilowapata kamwe tangu mwanzo wao.

Mtu mwenye jina kama lile angeweza kuomba kuhama. Dean hakuhama. Alishuka pamoja na wenzake, akafunga magoli 39 katika daraja la pili, kwa bidii ile ile ya zamani. Mwaka 1931 wakapanda tena. Mwaka 1932 wakawa mabingwa wa daraja la kwanza. Mwaka 1933 wakatwaa Kikombe kwa kuwashinda Manchester City 3 kwa 0, Dean akiwa nahodha, naye akafunga goli moja.

Wazee walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Walimu, wako miongoni mwetu waliotolewa katika shule kubwa wakapelekwa kwenye shule ndogo ya makuti, nao hufundisha kwa moyo mzito, kana kwamba watoto wa huko ni wa daraja la pili. Akina baba, wako wanaoipenda nyumba wakati wa mavuno, na wakati wa njaa hawaonekani. Kila mtu na ajipime mwenyewe.

Nguvu za mwili hazidumu. Dean aliondoka Everton mwaka 1938. Mwaka 1976 alikatwa mguu. Na tarehe 1 Machi 1980 alifariki uwanjani Goodison Park, akiwatazama Everton wakicheza na Liverpool. Miguu ilikuwa imekwisha kazi yake, lakini moyo wake ulikuwa ungali pamoja na wenzake.

Jioni moja waulizeni watoto wenu: lipi lilikuwa kubwa zaidi, magoli 60, au kubaki? Msiwajibie upesi, waacheni wafikiri.

Bwana azilinde nyumba zenu.