Haijafa, Ni Waya Tu

Jamani, hivi ni nani alitufundisha kwamba kompyuta ikinyamaza basi imekufa?

Nauliza kwa sababu nimeshuhudia SPARCstation ya Sun Microsystems, mashine ya miaka ya 1990, ikiandaliwa safari ya kwenda kwa wauza vyuma chakavu. Kosa lake? Haina skrini wala kibodi. Ndani ya diski yake kuna kazi za watu za miaka mingi, lakini hukumu ilishatoka: "Imekufa hiyo."

Ukweli ni kwamba mashine hizi zikiwashwa bila kibodi huhamishia mazungumzo yake kwenye tundu la siriali A. Zinaongea! Ni sisi tusiosikiliza. Kinachohitajika ni kebo yenye waya tatu tu: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, nikiwemo mimi. Tundu la Sun lina pini 25: ya 2 inatuma, ya 3 inapokea, ya 7 ni ardhi. Tundu la pini 9 la kompyuta za kawaida, lililoenea baada ya IBM PC/AT ya 1984, limegeuza mambo: ya 2 inapokea, ya 3 inatuma, ya 5 ni ardhi. Mimi nilishasikia kwamba waya lazima zipishane, basi nikapishanisha 2 na 3. Kimya! Usiku mzima nailaumu mashine. Kumbe pini zenyewe zilishapishana tangu kiwandani. Unaunga 2 kwa 2, 3 kwa 3, na 5 kwa 7. Unaweka kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Nilipofanya hivyo, maandishi yakamiminika.

Sasa hoja yangu. Niliweza kurekebisha kosa langu kwa sababu katika RS-232, kanuni iliyoanza 1960, kazi ya kila pini inajulikana na yeyote anaweza kuisoma. Chombo unachoweza kukifungua na kukielewa ni chako kweli. Kisichofunguka umeazimwa tu, hata kama risiti unayo mfukoni.

Kwa hiyo kabla ya kutupa, lehemu kwanza waya tatu. Kila siku tunalalamika kwamba hatuna kumbukumbu, huku wenyewe tunaziuza kwa kilo. Au nasema uongo?